Mwoga Aliyepima Genge la Juu ya Lituhi

Ndugu waombolezaji, ndugu yetu Placidi Raimundi Mbunda alizaliwa hapa Maguu tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mzee Raimundi na mama Kunigunda, na kama yupo aliyewahi kumwona bila woga asimame atuambie, maana sisi wa nyumbani tulimwona akikimbia hata jogoo. Alimaliza shule ya msingi hapa Maguu mwaka 1986, sekondari Songea mwaka 1990, akapata cheti cha upimaji Morogoro mwaka 1993, akaajiriwa serikalini, na mwoga huyo wakampangia kuchora ramani za milima. Tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na Tadea, wakajaliwa Jacqueline na Henry.

Juni 2019, akipima milima ya juu ya Lituhi, mbali na makazi, ukungu ulishuka asione hata viatu vyake, akapapasa kwa miguu, akakuta mashimo ya ngoro, yale tunayolimia sisi Wamatengo milimani, akafurahi, maana kwa Mmatengo penye ngoro pana mji, akamwita mwenzake, “Glorious, tumefika kwa watu, andaa shikamoo!” Kumbe shamba lilitelekezwa zamani na nusu yake imeshaporomoka, mguu uliofuata ukakanyaga hewa, akaning’inia kwa mkanda wa begi, mawe yakidondoka chini yake asisikie yakifika, hadi Glorious akamvuta, wote wawili wakilia.

Picha za angani zilionyesha wingu tu mahali pale, na ofisini walitaka kuchora mteremko wa kawaida, ambao msafiri angeuamini akafa. Aliposema atarudi kupapima mwenyewe, Tadea alimsihi, “Baba Jacqueline, waachie wenye moyo,” naye akajibu, “Mama, wenye moyo watapita wima wadondoke, pale panataka mwoga wa kutambaa.” Agosti alirudi, akatambaa kwa tumbo akitetemeka, akalipima genge lote, na leo limo kwenye ramani.

Mwaka 2023 alianza kuugua moyo, akatibiwa Mbinga na baadaye Songea, na tusimsingizie ushujaa, alituambia anaogopa kuliko siku ile gengeni, akamshika Tadea mkono, hakuuachia hadi alipofariki tarehe 2 Mei 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi matangani, na wapimaji wenzake, Glorious akiwa mbele. Placidi, mahali ulipo hakuna aliyepapima akarudi kutuchorea, nasi sote hapa tunaogopa. Tangulia, ndugu yetu, upumzike kwa amani.