Mluzi wa Koridoni

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mpiga tarumbeta alipakata kasha lake kama mtoto mwenye homa. Kando yake, mama mmoja mwenye tepu ya cherehani shingoni alikuwa akimsifia albamu ya bibopu, ile jazi ya mbio, aliyorekodi na mpiga saksafoni.

“Lakini kaka yangu, yule wa saksafoni ana pumzi tamu.”

“Dada, maikrofoni ilikuwa moja. Tarumbeta ina kelele, nikasimamishwa mlangoni. Mwenzangu akaachwa aibusu hiyo maikrofoni.”

“Na pale mnapojibizana?”

“Kile kipande nilimpigia mluzi mimi, koridoni. Tulipoingia studio akatangulia kukipiga. Sasa watu wanasema namwiga.”

Tatizo la mluzi ni kwamba hauna shahidi.

“Basi achana naye.”

“Wiki ijayo tunarekodi tena. Nikipiga na wengine nasinzia.”

Basi likasimama. “Haya, msalimie,” mama akasema, akashuka.

Jamaa akabaki amenuna, kisha akaanza kupiga mluzi taratibu, kitu kipya, kitamu. Akageuka, akaniona nimetega sikio, akafumba mdomo.