Kitabu cha Baada ya Kisima

Kahawa ya Rashid ilichemkia kwenye kona ya nyuma ya msikiti, mjini Machakos, pale njia ya sokoni inapokutana na ile ya kwenda Mumbuni. Birika lilikaa juu ya makaa, vikombe vidogo vilielea kwenye karai la maji, na mbele yake palikuwa na benchi refu lililoegemezwa tofali upande mmoja. Mabenchi ya namna hiyo mjini yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na watu wake: wa siasa, wa mpira, wa drafti. Benchi la Rashid, mwaka ule wa ukame, lilikuwa la kusomewa kitabu. Msomaji alikuwa Titus, mtu mrefu, mpole, ambaye wenzake walimwita Spika kwa sababu ya sauti yake. Kiwanda alichofanyia kazi kule Athi River kilikuwa kimepunguza watu, naye akapunguzwa. Alianza kuja kijiweni kuua saa. Siku moja alikuja na kitabu cha hadithi, kisa cha mzee mmoja mchimba kisima, akawasomea kidogo tu, na kesho yake wakamngoja.

Sasa kitabu kilikuwa kimekwisha. Jana Titus aliufikia ukurasa wa mwisho adhana ikianza. Rashid akafunika birika akaenda kuswali, na wengine wakaondoka, kila mtu na lake moyoni.

Leo Titus alifika na mfuko wa nailoni wenye vitabu vitatu alivyoazima maktaba. Usiku hakulala vizuri. Tangu aanze kusoma pale, hakuna aliyemuuliza habari za kazi. Walimuuliza tu, leo tunafika wapi. Hata mkewe Ndinda, akitoka asubuhi, hakumwacha tena amelala ameangalia ukuta. Na Titus alijua kwamba akileta kitabu kisichofaa, watu watapiga miayo siku mbili tatu, kisha Wakili atarudi kwenye drafti, Ndunge atahamishia viatu vyake vya kuuza stendi, na benchi litabaki ubao mtupu.

— Sasa, Spika, alisema Wakili. Umetuletea nini?

Jina lake hasa lilikuwa Wambua. Uwakili hakuusomea, alikuwa na kesi ya shamba iliyodumu mahakamani mpaka akaanza kuongea kama wenye kazi yao.

— Viko vitatu, Titus alijibu. Nataka tuchague pamoja.

— Hapo umefanya vizuri. Lakini kwanza tukubaliane utaratibu. Kitabu haichaguliwi hivi hivi. Lazima ifuatane na ile ya kwanza, la sivyo mtu atakuwa na hukumu mbili kwa kichwa moja.

— Ifuatane aje? aliuliza Ndunge. Alikuwa mama wa makamo, anauza viatu vya mitumba, na gunia lake alikuwa ameliweka miguuni.

— Ya kwanza ilikuwa ya shimo, si ndiyo? Shimo iko kwa shamba. Kwa hivyo sasa tunasoma sheria za mashamba.

— Sheria haina mtu ndani. Mimi nitamhurumia nani?

— Utamhurumia mlalamishi.

— Yaani wewe, alisema Rashid akimimina kahawa.

Titus alitoa kitabu cha kwanza mfukoni. Kilikuwa kinene, kinahusu ndugu wawili na mirathi. Ndunge akakipokea, akakifungua katikati, akasoma mstari mmoja huku midomo ikicheza, akakirudisha.

— Hii inabana.

— Inabana vipi, mwaitu? aliuliza Titus, akimwita mama kwa Kikamba.

— Kitabu ni kama kiatu. Huangalii juu. Unaingiza mguu. Mimi nimeingiza hapo katikati na nimekuta watu wanagombana. Nikitoka sokoni nimegombana na wateja, nije hapa nigombane tena? Nataka watu wanaopendana. Na mwisho waoane, na mvua inyeshe.

— Mvua tena imetoka wapi? aliuliza Wakili.

— Nimefikiria sana hii maneno. Tulianza kusoma ya kisima wakati mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika huko milimani. Tangu tuanze, hata tone. Tumekaa hapa kila siku tukisoma vumbi, udongo mkavu, kiu. Sisi ndio tumeikausha.

Rashid alitikisa kichwa, lakini alitazama juu kidogo kabla ya kutikisa.

— Mvua ni ya Mungu, mama. Haingoji Spika afungue ukurasa.

— Basi tumjaribu Spika. Atafute kitabu iko na mto.

Titus alikitazama kitabu cha pili. Hakukumbuka kama kilikuwa na mto. Akajikuta anapekua kurasa zake haraka haraka akitafuta maji, kisha akaona haya akaacha.

— Na wewe Rashid unataka kipi? aliuliza.

Rashid aliweka birika chini. Alizaliwa Machakos hapo hapo, babake alikuja kutoka pwani kufanya biashara, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko cha wenzake.

— Mimi nina sharti moja. Kitabu kiwe cha watu wa mbali. Mbali kabisa, ambako hakuna mtu wa hapa mwenye jamaa.

— Kwa nini?

— Yule mpiga ramli wa kwenye kitabu, aliyekula kuku wa watu na maji hakuyaona. Siku ulipomsoma, shemeji yangu alikuwa amesimama hapa na kikombe. Tangu siku hiyo hanisalimii. Anasema tulimtunga sisi.

— Lakini shemeji yako si mpiga ramli.

— Si mpiga ramli. Ila kuku anawala hivyo hivyo.

Walicheka, Titus naye akacheka, lakini moyo wake ulikuwa haujatulia. Kitabu cha ndugu kimekataliwa. Cha pili kilikuwa cha askari mpelelezi, na Wakili alikikataa kabla hakijatoka chote mfukoni; alisema ushahidi wa vitabuni hauwezi kusimama mahakamani. Cha tatu kilikuwa cha mapenzi, lakini kilihusu watu wa Machakos, na Rashid akasema kwa hicho atapoteza ukoo mzima.

— Basi, alisema Wakili, nimepata njia. Tusome zote tatu mara moja. Ukurasa ya hii, ukurasa ya ile. Ndugu wanagombana, askari anaingia, msichana anaolewa.

— Anaolewa na nani? aliuliza Ndunge.

— Na yeyote atakayekuwa kwa hiyo ukurasa.

— Ama tuanze mwisho, Ndunge alisema. Turudi nyuma polepole. Kama mwisho ni mbaya, hatuendelei.

Titus alivishika vitabu vyote vitatu mapajani. Kila neno la wenzake lilikuwa na maana kidogo alipolisikia peke yake, na yote kwa pamoja yalimzungusha mpaka akashindwa kukumbuka yeye mwenyewe alikuwa anataka kipi.

Wakati huo alikuwa amefika mtu mgeni. Nguo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la mawe, hata nyusi. Alisema jina lake ni Maundu, anakata mawe huko Lukenya, na amekuja mjini kumwona ndugu yake hospitalini. Saa za kuona wagonjwa hazijafika. Aliomba kahawa, akainywa amesimama, akisikiliza.

— Samahani, wazee, alisema mwishowe. Hiyo ya kisima. Mimi huchimba, ndiyo nauliza. Maji yalipatikana?

— Yalipatikana, alisema Wakili.

— Hayakupatikana, alisema Ndunge wakati huo huo.

Wakatazamana.

— Mama, si alitoka shimoni mikono imelowa?

— Imelowa jasho. Mzee wa watu amechimba kitabu mzima.

— Mimi nilidhani ni machozi, alisema Rashid taratibu. Nikamwambia mke wangu ni machozi. Akalia na yeye.

Wote wakamgeukia Titus. Alikuwa na kile kitabu mfukoni mwa koti. Alikuwa akirudishe maktaba alipokwenda kuazima vile vitatu, lakini mkono ukawa mzito. Akakitoa, akafungua mwisho, akasoma kwa ile sauti yake:

— “Mzee Tambo akapanda kamba mpaka juu. Hakusema kitu. Akawaonyesha mikono yake, nayo ilikuwa imelowa. Kisha akaketi kando ya shimo, akaomba viatu vyake.”

— Endelea, alisema Maundu.

— Imeishia hapo.

Titus aliyakodolea macho yale maneno. Jana, alipoyasoma, hakuwa na shaka yoyote kwamba mzee alishindwa: amefanya kazi yake yote, ameambiwa apande juu, achukue viatu aende nyumbani. Hilo nalo lilimnyima usingizi. Sasa aliyatafuta maneno ya kushindwa na hayakuwapo. Ya kushinda pia hayakuwapo.

— Spika, wewe ndiye umesoma, alisema Wakili, na sauti yake haikuwa ya mahakamani tena. Yalipatikana?

— Sijui, Titus alisema. Nilifikiri najua.

Maundu alikung'uta vumbi kwenye suruali.

— Udongo wa chini ulikuwa rangi gani? Hiyo inaonyesha. Kitabu ilisema?

Hakuna aliyekumbuka. Rashid aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoa machicha tu. Akalijaza maji, akachochea makaa.

— Hii itachelewa, alisema. Kaeni.

Wakili akasogea. Maundu akaketi pembeni, vumbi lake likamwingia Ndunge kwenye gunia na Ndunge akamwachia nafasi. Titus alirudisha vile vitabu vitatu kwenye mfuko, akaufunga fundo, kisha akakifungua cha kisima mwanzo kabisa na kukohoa kidogo.

— Polepole, Spika, alisema Ndunge. Safari hii naangalia mikono.