Mzee Kiganja Anasubiri Namba Tatu

Leo Ijumaa, tarehe 29 Agosti, saa kumi alasiri, fundi mkuu wa gereji ya hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Sote tunamwita Mzee Kiganja, kwa sababu haamini kipimo chochote mpaka ashike bomba kwa mkono wake.

Alianza kwa kuosha magari. Miaka sita baadaye alikuwa akifungua giaboksi peke yake. Amefundisha mafundi kumi na wanne, na wote wanaiga kikohozi chake. Sisi tuliofika mji huu bila kumjua mtu, yeye ndiye aliyetuonyesha msumari wa kutundikia koti.

Chai yake utaikuta popote: juu ya tairi, juu ya kabati la spana, dirishani, imepoa, haijanywewa hata nusu. Mkewe, mkunga wetu, husema ameolewa na mtu aliyesimama.

Hakuwa hivyo zamani. Miaka tisa iliyopita, gari la wagonjwa namba mbili lilikuwa likichemsha mafuta ya giaboksi kila lilipopanda mlima. Kiganja akalifungia rejeta ndogo ya ziada, mbele ya ile kubwa, ili mafuta yapoe kabla ya kurudi kwenye giaboksi. Kazi safi: klipu zimekazwa, hakuna tone sakafuni. Ila alisahau kwamba rejeta mpya nayo hujaza tumbo lake kwanza. Hakuongeza mafuta.

Kwenye kona ya tatu injini ilinguruma, magurudumu yakagoma. Ndani alikuwamo mama mwenye uchungu, pamoja na mkunga wetu. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, salama, mikononi mwa mke wa Kiganja. Mkunga aliporudi alimwambia mumewe mbele yetu sote, “Baba watoto, leo nimefanya kazi yangu na yako.”

Tulicheka. Yeye hakucheka. Kesho yake aliandika ukutani kwa rangi nyekundu: REJETA NAYO INAKUNYWA. Tangu hapo gari halitoki bila kijiti cha mafuta kuchomolewa mara mbili, na likishatoka, hatulii. Hutembea kati ya gereji na geti mpaka lirudi, ashike bomba la rejeta, ajue limepoa.

Kazi yake ya mwisho aliimaliza juzi: rejeta ya ziada, ya aina ileile iliyoleta bahati mbaya, lakini safari hii kwa gari namba tatu. Asubuhi hii limepanda mlimani, na linatarajiwa kurudi saa kumi, saa yenyewe ya sherehe. Dereva amepiga simu kusema kona ya tatu imepitwa kama mchezo. Kiganja amejibu kwamba kiganja hakisikii simu.

Basi, wageni wetu, msikitafute kiti chake ukumbini. Viti vyote vimehamishiwa getini. Tutaanza akishashika bomba.

Mzee wetu, asante kwa kila gari lililorudi. Ukuta hatutaupaka rangi. Tunakutakia nyumba yenye utulivu, mke asiyekuona umesimama, na kikombe kimoja cha chai ya moto, ukinywe mpaka mwisho.