Baba Adrien na Mzizi wa Lukafu

Jumamosi, tarehe 29 Juni 1957, Baba Adrien Kasonde atavua koti la maabara yetu ya mimea hapa Élisabethville, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi.

Hata wasiomjua kwa jina walimjua kwa masizi. Kazi yake ilikuwa kutundika kipande cha utumbo wa sungura katika maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kisha kutia dawa na kutazama kijiti kilichofungwa nao kikichora mistari kwenye karatasi iliyofukizwa moshi. Msuli wa utumbo ukikaza, mstari hupanda, ukilegea, hushuka. Jumapili alikwenda misa na masizi masikioni, na mkewe, Mama Honorine, alilalamika kwamba ameolewa na mchoma makaa.

Mwaka 1951 alileta mzizi kutoka Lukafu, kwa wakwe zake. Mama mkwe aliapa kwamba unalegeza misuli na kuondoa uvimbe, na vidole vya Mama Honorine vilikuwa vimevimba miaka mingi. Baba Adrien aliuchemsha mwenyewe. Tulipotia maji yake, msuli ukakaza ajabu! Daktari, mkuu wa maabara, alikuwa tayari kuutupa mzizi ule, ndipo Baba Adrien alipokiri mbele yetu sote kwamba, kwa mazoea ya nyumbani, alitia chumvi ya majivu chunguni. Tulicheka mpaka machozi. Akachemsha upya bila chumvi ile iliyokaza msuli, na mstari ukashuka taratibu.

Kicheko kiliisha tulipoijaribu dawa hiyo kwa panya wenye miguu iliyovimba. Tulirudia jaribio tena na tena, na uvimbe haukupungua hata kidogo. Tulimshauri asimwambie mkewe, kwa kuwa imani nayo humsaidia mgonjwa. Alikataa. Jioni ile ile alimweleza yote: dawa ya mama yake ingetuliza mikazo ya misuli inayomwamsha usiku, lakini vidole isingeviponya. Mama Honorine akasema, “Usingizi iko, basi. Ya vidole, tutabakia nayo vile.”

Iliniuma kusikia hayo alipotusimulia kesho yake, na bado inaniuma. Lakini tangu siku hiyo, Baba Adrien akisema dawa fulani inafaa, hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

Sasa Baba Adrien na mkewe wanarudi Lukafu. Mama Honorine hawezi tena kushika jembe kwa vidole vile, kwa hiyo atakayelima ni mumewe.

Baba Adrien, aksanti sana kwa yote. Mungu awape afya na mvua ya kutosha. Nawe Mama Honorine, mikono ya mumeo tumeitumia sisi miaka yote hii. Sasa ni yako.