Injini ya Tatu

Benchi la mbao lililoegemea ukuta wa gereji hukaliwa na watu wanne, lakini siku hiyo wengine walikuwa wamebanana upande mmoja kwa sababu upande wa pili alikaa Mbio, na hakuna aliyetaka kupigwa kiwiko. Mbio alikuwa amefura. Mbele yao gari lake la turbo lilikuwa wazi boneti, na injini ya pili ndani yake imekufa kama ilivyokufa ya kwanza: pistoni imetoboka tundu la kupitisha kidole. Injini ya tatu ilikuwa njiani, inaletwa siku hiyohiyo. Koleo, fundi mwenye gereji, alisimama na kikombe cha kahawa ambacho hajakionja. Amemwoa dada yake Mbio, na tangu asubuhi shemeji huyo alikuwa akimsema mbele za watu bila kumpa nafasi hata ya kumeza mate.

— Mama alikuwa ndani! — Mbio alifoka. — Mama yangu mzazi! Gari linazima katikati ya kilima, lori liko nyuma, linatukwepa linaingia mtaroni! Ungemwambia nini dada yangu wewe?

Koleo alihisi masikio yanawaka moto. Mama huyo ndiye aliyemtetea alipokwenda kuposa na grisi kwenye kucha, ukoo mzima ukimcheka. Leo anaambiwa alitaka kumuua! Ilimuuma kuliko tusi lolote.

— Nani alikutuma uongeze upepo? — alijibu. — Gari lilitoka kiwandani na turbo yake, salama salimini. Wewe ukaja na turbo kubwa, ukataka na nozo kubwa za kumwagia mafuta, "shemeji funga, nataka liruke." Nikafunga. Limeruka, sasa unanilaumu?

— Ulisema litahimili!

— Nilisema litahimili ukiendesha kama binadamu!

Redio, fundi simu aliyepewa jina hilo kwa kuwa hazimiki, akaona nafasi yake imefika.

— Jamani, mnagombana bure. Hayo ni mafuta. Petroli ya siku hizi imechakachuliwa, inawaka kabla ya wakati wake. Ndiyo maana mnasikia injini ikigonga, ko-ko-ko-ko, kama mdai yuko mlangoni.

— Petroli hiyohiyo tunatia wote, — alidakia Breki, dereva wa lori mstaafu. — Mbona gari la jirani halijafa?

— La jirani halina turbo.

— Ahaa! Basi mchawi ni turbo! Turbo kazi yake kuvuta hewa. Na hewa ya hapa mnaijua: vumbi, moshi, harufu ya jalala. Injini inavuta uchafu wote huo, kifua kinabana. Ule si mlio wa kugonga. Ni kikohozi.

— Mzee Breki, injini haina mapafu, — Koleo alisema, meno yamebana.

— Haina mapafu lakini inapumua! Fundi gani hujui injini inapumua?

Kijiwe kilicheka, wawili tu hawakucheka.

— Sikilizeni mimi, — Redio alirudi hewani. — Ni kompyuta ya gari. Ile imezaliwa na injini ya kwanza, wamekua pamoja. Mmemletea mgeni, hakumtambua, akamnyima mafuta makusudi.

— Kwa wivu? — aliuliza muuza kahawa huku akimimina.

— Wivu, chuki, ita utakavyo. Hata simu ukiipachika betri ya kuokoteza hugoma.

— Tuiitie kikao basi, tuisuluhishe! — Koleo alibwata.

— Au imefungwa kinyume, — Breki alisema taratibu, kama mtu anayetoa siri. — Injini za ng'ambo zimezoea kuzunguka kwa upande wa kwao. Ukiifunga huku bila kuizoesha...

Mbio alipiga benchi ngumi, vikombe vikaruka.

— Nyamazeni! Mnacheka nini? Aliyefunga ni mmoja, aliyeua ni huyohuyo! Koleo, injini ya tatu hutaigusa. Na nyumbani kwa mama usikanyage tena. Dada akitaka kuja, aje peke yake.

Kicheko kikakatika. Koleo aliweka kikombe chini.

— Rudia.

— Umesikia.

— Nilipima presha ya mafuta mbele ya macho yako! Ilikuwa sawasawa! Plagi nimebadilisha, filta nimebadilisha, nozo nimesafisha moja moja. Ulitaka nifanye nini tena, niipigie magoti?

— Ulipaswa kujua!

— Na wewe ulipaswa kuinua mguu!

Walikuwa kifua kwa kifua, Breki anapapasa fimbo yake anyanyuke awaamue, waliposikia mtu akikohoa nyuma ya boneti. Alikuwa mama mwenyewe, mama yake Mbio. Shingo ilikuwa bado na bandeji tangu ilipoteguka gari liliposimama ghafla kilimani, na viatu vimejaa vumbi la kutembea.

— Shikamoo mama, — walisema wote, sauti zimenywea.

— Marahaba. Nimewasikia tangu kona ile. Endeleeni.

Mama akalitazama gari, akainama kidogo kwenye boneti, akainuka kwa shida.

— Iliyokufa mimi nikiwa ndani ni ya pili?

— Ya pili, mama, — alisema Mbio.

— Na ya tatu inakuja?

— Ipo njiani.

— Haya. Mimi si fundi, nielewesheni. Ile ya kwanza iliuawa na nini?

Redio alimtazama Breki. Breki alitazama ndani ya kikombe chake. Mbio akamgeukia Koleo. Wote wakamgeukia Koleo.

Koleo alirudisha mawazo nyuma. Injini ya kwanza aliing'oa haraka haraka bila kuichunguza, kwa sababu Mbio alilitaka gari upesi. Akaiweka ya pili, akaiunganisha na mabomba yaleyale na pampu ileile ya mafuta, iliyotoka kiwandani kabla mtu hajawaza turbo kubwa. Presha aliipima hapa, gari limesimama, injini inanguruma polepole. Lakini lilipokuwa limesimama halikuwahi kugonga! Lilikuwa likigonga kilimani, mguu umekanyaga mpaka chini, turbo inasukuma hewa tele na injini inadai mafuta mengi zaidi. Huko hakuwahi kupima. Hasira yake yote ikamgeukia mwenyewe.

— Sijui, mama.

— Na wewe?

— Sijui, — Mbio aliiambia ardhi.

— Hamjui, mkafunga ya pili, mkanipakia! — Sauti ya mama haikupanda, na ndiyo iliyowatisha. — Makelele yote haya, kumbe hakuna hata mmoja anayejua! Mimi narudi kwa miguu. Na huyu mkwe wangu ataingia nyumbani kwangu nikitaka mimi. Wewe huna nyumba ya kumfukuza mtu.

Akaondoka. Mbio alitaka kumfuata, mama akamnyooshea kidole bila kugeuka, naye akabaki palepale.

— Nilipima limesimama, — Koleo alisema. — Kilimani sikupima. Pampu huenda inazidiwa, mafuta hayafiki ya kutosha, moto unazidi na pistoni inatoboka.

Mbio akaligeukia gari.

— Iko wapi hiyo pampu?

— Ndani ya tanki. Unang'oa kiti cha nyuma, iko chini yake.

— Upande gani?

Koleo alifungua mlango wa nyuma.

— Upande aliokaa mama.

Mbio alikuja, akashika ukingo wa kiti kwa mikono miwili, akavuta.