Kindege cha Matete na Jina Lililofungwa Mguuni Mwake

Tarehe 30 Juni 1891, Bwana Obadiah Thirtle anastaafu utunzaji wa kabati la ndege la Chama cha Elimu ya Viumbe cha Saltby, baada ya miaka thelathini na minane bila mshahara. Kilichomlisha ni kiwanda chake cha mishumaa.

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha matanuri, alikwenda mabwawani kwa miguu na daftari lake. Ndege mia sita waliokaushwa amewapanga yeye, na nondo hajamla hata mmoja. Mkewe, Bibi Keziah, alishazoea kumkuta bundi mfu kando ya siagi.

Wanachama walimcheka kwa sababu nguo zake zilinuka mafuta ya kondoo aliyotengenezea mishumaa.

"Wewe Mishumaa, kaa mbali na moto, usije ukatuyeyukia!" alimtania mwenyekiti, Kanali Mence.

"Nikiyeyuka, Kanali, mtasomea mwanga gani?"

Mei 1866 alitueleza habari za kindege cha kahawia ambacho hakijawahi kuandikwa katika wilaya yetu. Siku tisa alisimama majini hadi kiunoni akikisikiliza. Lakini kanuni yetu, kanuni ya kijinga, ilisema ndege asiyepigwa risasi haandikwi.

"Yuko wapi huyo ndege?" aliuliza Kanali.

"Yuko kwenye kiota. Analalia mayai matano."

"Basi hukuona kitu, Bwana Mishumaa!"

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi, Kasisi Septimus Gaze, katibu wenu, sikucheka. Nilimngoja mlangoni, nikamuuliza kwa upole, "Kiota kiko upande gani, ndugu yangu?" Akanielekeza, kwa kuwa aliniamini.

Kesho yake nilikwenda na bunduki. Lebo mguuni mwa ndege ikasomeka: *S. Gaze, 14 Mei 1866*. Nilipongezwa hadi London. Na kwa miaka ishirini na mitano, kila majira ya kuchipua, Thirtle amempangusa vumbi ndege yule mwenye jina langu. Aliniuliza mara moja tu, "Kasisi, mayai je?" Nikamwambia hayakuwapo. Yalikuwa ndani ya kofia yangu.

Leo Chama kinampa saa ya mezani na keki. Keki! Mtu mliyemnyima ndege wake, na hata kiti cha mbele hamkumpa! Ijumaa kabati linahamia makumbusho, na kila lebo itanakiliwa kitabuni kama ilivyo. Kamati imeniomba "nisiharibu sherehe." Daktari ameniambia sitayaona mavuno. Sina tena cha kuogopa kwenu.

Jana nilikata uzi wa lebo ile na kufunga mpya, kwa mwandiko unaosomeka: *Alimgundua O. Thirtle. Alimuua S. Gaze, pamoja na mayai matano.* Atakayeiondoa aanze kwa kuuchoma waraka huu.

Bwana Thirtle, tunakushukuru, nami nakuomba radhi. Mabwawa yakupe asubuhi nyingi za utulivu, na ukiona kiota kingine, usimwambie mtu wa Chama hiki.