Moshi kwa Kupitia Nairobi

Baraza letu la Bondeni ni ubao mmoja juu ya matofali, ubavuni mwa duka la Jamaldin. Baada ya alasiri dele la kahawa hukaa katikati, na watatu hawakosi: Jamaldin mwenyewe, tunayemwita Balozi kwa kuzijua siasa za kila nchi, Odera, aliyekuwa gadi wa reli, na kwetu ni Gadi mpaka leo, na Athmani, mshona kofia. Juzi Athmani alikuja na uso mzito. Dadake, Swafia, aliyeolewa Moshi, hajiwezi, na alikuwa akimwita. Watoto wake Athmani walikwisha kumkatia tikiti ya ndege ya kesho yake, naye hakuitaka.

— Yanipeleka Nairobi kwanza, alisema. Moshi iko hapo nyuma ya Taveta. Nikazunguke Nairobi nikafanye nini?

— Ukaamkie wakubwa, alisema Balozi. Serikali ikikaa mahali pamoja, kila njia huenda kupiga magoti hapo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Kuinama na ndege wapi na wapi?

— Kwani haitui?

Gadi alipuliza kahawa yake.

— Zamani hatukuwa na haja. Treni ikifika Voi yakata kushoto, yaenda zake Moshi. Nairobi haina habari nani amepita.

— Na stesheni ilikuwa hapa hapa kisiwani, alisema Athmani. Natoka kazini kwa miguu, namkuta Swafia yuashuka na mkungu wa ndizi, buibui limejaa vumbi la nyika ya Taru, yuacheka peke yake.

— Sasa stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, alisema Gadi. Mtu wa kisiwani ahama kwanza, ndipo asafiri.

— Na bado! alisema Balozi. Siku hizi hata mawingu hupita Nairobi kugongwa mhuri, ndipo yaje yanyeshe Tudor.

— Muongo we!

— Masika yalichelewa kwa nini? Ofisi zilifungwa. Na ule mlima Kilimanjaro, kaeni hivyo hivyo, mtasikia umehamishiwa Nairobi.

— Balozi, mlima ni wa Tanzania.

— Mimi nimesema watauomba?

Tulicheka mpaka Gadi akamwaga kahawa. Hapo akaja Mwanakhamis, binamu yake Athmani, ambaye hasimami barazani ila kwa haja.

— Kaka, Swafia amepiga simu tena. Auliza, waenda?

— Mwambie lau ile treni ingekuwapo, saa hii ningekuwa nishafika.

Mwanakhamis alimtazama, wala hakuwa na hasira.

— Ilipokuwapo, wewe ukishuka Moshi, nani alikuwa akikupokea?

Gadi, aliyeipanda treni ile miaka mingi, alimgeukia Athmani.

— Alikuwa yuaja yeye, alisema Athmani polepole. Kila mara, yeye.

Aliinuka, akapangusa kanzu yake kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

— Balozi, kesho nikishuka huko Nairobi, naifuata njia gani kuipata ndege ya pili?

Balozi alikohoa.

— Wallahi, Athmani, sijui. Mimi sijapata kupanda ndege.